Jimbo la Meppen na Wajumbe Wake

Neno mjumbe katika Kiswahili huchukua mizigo miwili. Kwanza, mjumbe ni mtu aliyetumwa na mwenziwe apeleke habari. Asiloambiwa halisemi, na aliloambiwa halipunguzi. Ndiyo sababu wazee wasema, Mjumbe hauawi, kwa kuwa maneno aliyoyachukua si yake. Pili, mjumbe ni mtu aketiye barazani kwa ajili ya watu waliomchagua, akashauriana na wenziwe, kisha akakata shauri kwa akili yake mwenyewe. Twalitumia neno hili kila siku, wala hatuoni kwamba maana zake mbili zaweza kugombana. Wajerumani nao wana neno lao, Abgeordneter, ambalo asili yake ni mtu aliyeagizwa. Lakini sheria yao tangu zamani yasema kwamba mtu huyu asifungwe na agizo la mtu yeyote. Basi mjumbe ni wa nani? Ni wa wale waliompigia kura, au wa chama chake, au wa taifa zima, au wa dhamiri yake? Na wale wasiopiga kura, ambao shauri lake litawaangukia, wao wana mjumbe gani?

Swali hili twaweza kuliangalia vizuri tukifuata habari za jimbo moja dogo la uchaguzi katika Ujerumani, yaani jimbo la Meppen, Lingen na Bentheim. Tumelichagua kwa sababu mbili. Mjumbe wake wa kwanza alikuwa mmoja wa wasemaji mashuhuri wa baraza lile, na shauri moja alilolileta liligusa pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Nchi yenyewe iko upande wa kaskazini-magharibi, mpakani na Uholanzi, kandokando ya mto Ems. Ni nchi tambarare, yenye mchanga na vinamasi vikubwa. Udongo mweusi wa vinamasi hivyo watu waliukata vipande kama matofali, wakauanika juani, wakautumia badala ya kuni. Wenyeji wengi walikuwa wakulima, na wengi wao maskini. Tena nchi hii haikuwa moja tangu asili. Ilishonwa kwa vipande vitatu. Meppen na vijiji vyake ilikuwa mali ya maaskofu wa Münster hata mwaka 1803. Lingen ilikuwa ya wafalme wa Prussia tangu 1702. Bentheim ilikuwa na masultani wake wadogo, na watu wake wengi walikuwa Waprotestanti wafuatao mafundisho ya Calvin, hali wale wa Meppen na Lingen wengi wao walikuwa Wakatoliki. Mwaka 1815, vita vya Napoleon vilipokwisha, vipande vyote vitatu vilikuwa chini ya mfalme wa Hannover. Mwaka 1866 mfalme wa Prussia alimshinda mfalme wa Hannover, Georg V, ambaye alikuwa kipofu, akamwondoa katika kiti chake na kuitwaa nchi yake. Hivyo watu wa Meppen walilala Wahannover wakaamka Waprussia, wala hakuna aliyewauliza.

Mwaka uliofuata, 1867, waliulizwa kwa mara ya kwanza. Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, aliunganisha nchi za kaskazini, akaziwekea baraza lililoitwa Reichstag. Mwaka 1871 baraza hilo likawa la dola nzima ya Ujerumani. Sheria ya uchaguzi iliyotengenezwa mwaka 1869 ilikuwa pana kuliko sheria za nchi nyingi za Ulaya za wakati ule: kila mwanamume aliyetimiza miaka 25 alikuwa na kura moja, tajiri na maskini sawasawa, na kura ilikuwa ya siri. Lakini tusiusifu upana huo kupita kiasi. Wanawake hawakuhesabiwa, wala askari waliokuwa kazini, wala watu waliolishwa kwa fedha za maskini. Kila jimbo lilitoa mjumbe mmoja; ikiwa hapana aliyepata zaidi ya nusu ya kura, wawili wa kwanza walishindanishwa tena. Majimbo yalikuwa 382 mwaka 1871, yakawa 397 tangu 1874, na jimbo la Meppen liliandikwa la tatu katika mkoa wa Hannover.

Siri yenyewe ya kura ilikuwa na matundu. Serikali haikutoa karatasi za kura. Vyama vilichapisha karatasi zao na kuwagawia watu, na mpigaji aliikunja yake akaitia mkononi mwa msimamizi. Mwenye macho aliweza kuitambua kwa rangi au unene wake. Bahasha na mahali pa faragha pa kupigia kura vilikuja mwaka 1903 tu. Tena wajumbe hawakulipwa mshahara wala posho hata mwaka 1906. Kwa hiyo mkulima wa Meppen aliweza kumchagua mjumbe, lakini kwenda mwenyewe Berlin kukaa miezi mingi ilikuwa vigumu sana kwake.

Basi watu wa jimbo lile walimchagua Ludwig Windthorst. Hakuwa mzaliwa wa Meppen. Alizaliwa mwaka 1812 karibu na Ostercappeln, upande wa Osnabrück, akawa mwanasheria, kisha mara mbili waziri wa sheria wa mfalme wa Hannover. Alikuwa Mkatoliki wa kwanza kupata uwaziri katika nchi ile. Kwa umbo alikuwa mfupi, kichwa kikubwa, na macho yake yalikuwa mabovu hata mwisho hakuweza kusoma vema. Kwa hiyo alizoea kuyashika maneno moyoni. Hotuba za wenziwe alizikumbuka bila kuandika, akawajibu kwa mzaha mwembamba uliochoma. Chansela Bismarck, mwenye kimo na majeshi, hakupata katika baraza adui aliyemsumbua kuliko mzee huyu mfupi. Watu walimpa jina la Lulu ya Meppen. Alikishika kiti hicho tangu 1867 hata alipokufa Berlin tarehe 14 Machi 1891, yaani miaka 24.

Yafaa tujiulize kwa nini wakulima wa vinamasi walimshika muda huo wote mtu ambaye si wa kwao. Jibu moja ni ule msiba wa mwaka 1866: Windthorst alikuwa mtu wa Hannover ya kale, naye aliendelea kuyatetea mambo ya mfalme aliyeondolewa. Jibu kubwa zaidi ni shindano kati ya dola na Kanisa Katoliki, lililoanza mwaka 1871. Sheria ya mwaka ule ilimtishia kifungo padre atakayesema mambo ya serikali mimbarani kwa namna ya kuvunja amani. Mwaka 1872 Wajesuiti walikatazwa. Sheria za Mei 1873 ziliweka mafunzo na uteuzi wa mapadre chini ya uangalizi wa serikali. Maaskofu kadhaa walifungwa au kufukuzwa, na parokia nyingi zilikosa mapadre. Askofu wa Osnabrück alipokufa mwaka 1878, kiti chake kilikaa kitupu hata 1882. Katika miaka hiyo chama cha Zentrum kilisimama barazani kuwatetea Wakatoliki, na Windthorst akawa msemaji wake mkuu. Hapa mjumbe na waliomtuma walikuwa na shauri moja. Hapakuwa na haja ya kumwagiza, kwa maana jeraha lao lilikuwa lake.

Lakini yeye hakuitumia kazi yake kwa ajili ya watu wake peke yao. Bismarck alipoleta mwaka 1878 sheria ya kuwapiga marufuku Wasoshalisti, Windthorst aliikataa, ingawa Wasoshalisti hawakuwa rafiki za Kanisa. Baraza la Prussia lilipojadili habari za Wayahudi mwaka 1880, wakati watu wengi walipotaka wapunguziwe haki zao, aliitetea haki iliyo sawa kwa wote. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: sheria ya kipekee iliyotungwa leo kwa jirani, kesho yaweza kutungwa kwako. Twaona hapa mjumbe anayefikiri mbele ya watu wake, wala hawapotezi.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1887. Bismarck alitaka baraza liidhinishe fedha za jeshi kwa miaka saba mfululizo. Zentrum na wenzao walikubali miaka mitatu tu, na baraza likavunjwa. Ndipo ikajulikana kwamba Papa Leo XIII mwenyewe alipenda chama kikubali, kwa kutumaini kwamba Bismarck naye angelegeza sheria zilizobaki. Fikirini shida ya mtu yule: mjumbe wa Wakatoliki, na Baba Mtakatifu ataka jambo lingine! Windthorst alijibu katika mkutano mkubwa mjini Köln mwezi wa Februari. Alimheshimu Papa, lakini alishika kwamba mambo ya jeshi na fedha za dola ni mambo ya dunia, na katika hayo mjumbe ana hukumu yake mwenyewe. Uchaguzi ulipofanyika mwezi ule ule, watu wa Meppen wakamrudisha barazani. Hivyo wapigaji kura walionyesha kwamba waliijua tofauti kati ya utii wa imani na shauri la nchi.

Mpaka hapa habari ni njema. Sasa twafika kwa lile linalotuhusu sisi.

Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliipa kampuni ya Wajerumani mamlaka ya kukusanya ushuru wa forodha pwani ya Mrima. Mwezi wa Agosti watu wa kampuni walitweka bendera yao Pangani kwa kiburi, wakaingilia mambo ya mji na dini. Watu wakaondoka kuwapinga: Abushiri bin Salim upande wa Pangani, na Bwana Heri huko Saadani, na wengine wengi wa mwambao. Kampuni haikuwa na nguvu. Ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Wakati huo huo Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri juu ya ukatili wa biashara ya watumwa, na mwezi wa Oktoba mkutano mkubwa wa jambo hilo ulifanyika Köln. Ukatili ule ulikuwa kweli, wala hapana haja ya kuupunguza. Misafara ya watumwa ilikuwa imeziharibu nchi za bara.

Bismarck alihitaji fedha za kuiokoa kampuni, naye alijua kwamba baraza halitaki kutoa fedha kwa ajili ya wafanya biashara. Kwa ajili ya kuwakomboa watumwa lingetoa. Basi tarehe 14 Desemba 1888 mjumbe wa Meppen aliliomba baraza liseme kwamba ili kuifungulia Afrika ustaarabu wa Kikristo ni lazima kwanza kupiga vita biashara na utekaji wa watumwa, na kwamba baraza litaisaidia serikali katika kazi hiyo. Ombi likapita kwa kura nyingi. Kwa sheria ya tarehe 2 Februari 1889 zikatolewa mark milioni mbili, kwa kuikomesha biashara ya watumwa na kuzilinda faida za Wajerumani. Mambo hayo mawili yaliandikwa katika sentensi moja, na kwa fedha moja.

Kilichofuata wazee wa pwani walikisimulia. Hermann Wissmann alikuja na askari aliowaandika Misri na Msumbiji, akaipiga miji kwa mizinga, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Bwana Heri alisalimu amri mwaka 1890, na tangu mwanzo wa 1891 serikali ya Ujerumani ikaitawala nchi yenyewe. Je, utumwa ulikoma? Utekaji na usafirishaji wa watumwa ulipigwa. Lakini utumwa wa majumbani na mashambani serikali ya Wajerumani haikuufuta. Amri ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905. Sheria ya kuuondoa kabisa ilitolewa mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Hatusemi kwamba Windthorst alidanganya. Twaamini kwamba aliwahurumia watumwa kwa moyo. Lakini katika shauri hilo yule mtu mwenye macho mabovu, aliyeona mbali sana katika mambo ya kwao, hakuona vema ni kazi gani nyingine ombi lake lingetumiwa kuifanya. August Bebel, mjumbe wa Hamburg, alilisema wazi barazani mwezi wa Januari 1889: kwamba utawala wa makoloni kwa asili yake ni kuwanyonya watu wa nchi nyingine. Bebel hakutoka Mrima, wala hakuchaguliwa na Mwafrika yeyote. Na hapo ndipo penye uzito. Katika majimbo 397 hapakuwa na hata moja la Pangani. Mkulima wa Meppen angeweza kumwondoa mjumbe wake katika uchaguzi uliofuata. Mvuvi wa Saadani, aliyeungua nyumba kwa shauri la mjumbe yule yule, hakuwa na karatasi ya kukunja.

Tena tutazame namna utawala ule ulivyotumia maneno. Jumbe lilikuwa jina la heshima la wakubwa wa miji ya Mrima. Wajerumani walilichukua, wakaweka majumbe vijijini chini ya maakida, ili wakusanye kodi na kutoa watu wa kazi. Hivyo kwa muda ule ule, chini ya dola moja, huko Meppen mjumbe alitoka kwa watu akaenda serikalini, na huku jumbe alitoka serikalini akaja kwa watu. Majina yanafanana, na njia zao zapishana.

Turudi sasa kwenye mto Ems. Baada ya Windthorst chama cha Zentrum kiliendelea kukishika kiti hicho hata dola ya kifalme ilipoanguka mwaka 1918. Muda huo wote mipaka ya majimbo haikuguswa, ingawa watu walikuwa wakihamia mijini. Mwaka 1912 jimbo moja la kandokando ya Berlin lilikuwa na wapiga kura zaidi ya 300,000, na jimbo la Schaumburg-Lippe kama 10,000 tu. Kila moja lilitoa mjumbe mmoja. Kura ya mtu wa shamba ilipimwa kwa kibaba kikubwa, na ya mtu wa kiwandani kwa kibaba kidogo.

Jamhuri iliyofuata ilitaka kuondoa udhalimu huo. Wanawake walipewa kura, na jimbo la Meppen likafutwa, likaingizwa katika jimbo kubwa lililoitwa Weser-Ems. Watu walichagua orodha ya chama, na kila kura 60,000 zilileta mjumbe mmoja. Hesabu ikawa ya haki zaidi, lakini uso wa mjumbe ukawa mbali. Hata hivyo wilaya za Wakatoliki kandokando ya Ems hazikuacha desturi yao: hata tarehe 5 Machi 1933, Hitler alipokwisha kuingia madarakani, zilikipa Zentrum kura nyingi kuliko chama kingine.

Lakini siku 18 baadaye wajumbe wa Zentrum walipiga kura pamoja na wengine kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila baraza. Waliokubali walikuwa 444; waliokataa walikuwa 94, wote Wasoshalisti, wale ambao zamani Windthorst alikataa wapigwe marufuku. Mwezi wa Julai Zentrum chenyewe kikajivunja. Wakati huo serikali ilikuwa imejenga kambi za wafungwa katika vinamasi vya jimbo la kale, huko Börgermoor na Esterwegen, ambako watu walilazimishwa kuchimba udongo kwa majembe. Miongoni mwa waliofungwa Börgermoor mwaka 1933 walikuwa Ernst Heilmann na Friedrich Ebert, mwana wa rais wa kwanza wa jamhuri, wote wawili wajumbe wa Reichstag tangu 1928. Sheria ilisema kwamba mjumbe asikamatwe bila idhini ya baraza. Wao walikamatwa, wakapigwa. Heilmann aliuawa katika kambi ya Buchenwald mwaka 1940. Nchi ile iliyomtuma Lulu ya Meppen ikafanywa gereza la wajumbe, na mithali yetu ikavunjwa huko.

Baada ya vita, katiba ya mwaka 1949 ilirudisha yale maneno ya kale na kuyaongezea: wajumbe ni wa watu wote, hawafungwi na maagizo, nao huitii dhamiri yao tu. Uchaguzi ukapangwa ili kuunganisha njia mbili. Tangu 1953 kila mtu hupiga kura mbili, ya kwanza kwa mtu wa jimbo lake, ya pili kwa orodha ya chama. Mipaka nayo haiachwi tena ikalala: jimbo likizidi au kupungua kwa zaidi ya robo ya kadiri ya wastani, ni lazima lipangwe upya. Nchi ya jimbo la kale sasa imo katika majimbo mawili, Mittelems na Unterems. Mittelems lina Lingen, na Bentheim yake ya Waprotestanti, nalo tangu lilipoundwa limekuwa la chama cha CDU, ambacho huwakusanya Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Hermann Kues alilishika tangu 1994 hata 2013, na tangu mwaka huo Albert Stegemann.

Hata leo swali letu halijalala. Mwaka 2023 Wajerumani waliibadili sheria, wakaweka kwamba wajumbe wawe 630 wala wasizidi, na kwamba mshindi wa jimbo akose kiti ikiwa kura za pili za chama chake hazikitoshi. Katika uchaguzi wa 2025 washindi 23 katika majimbo 299 waliachwa nje kwa sababu hiyo. Wengine walisema ni haki, kwa kuwa hesabu ya vyama imekaa sawa. Wengine walisema watu wa majimbo hayo wamenyang'anywa mtu wao. Ni ugomvi ule ule wa maana mbili za neno moja.

Tukiyakusanya haya, twaona kwamba uhuru wa mjumbe ni kitu chema. Bila uhuru huo Windthorst asingewatetea Wayahudi, wala asingesimama mbele ya Papa. Lakini uhuru huo wafaa pale tu ambapo wenye kuumizwa na shauri lake wana uwezo wa kumwita na kumwuliza. Pasipo uwezo huo, hata huruma ya mtu mwema yaweza kuwa mzinga kwa watu asiowajua. Sisi tufundishao vijana, tukiwaeleza habari za mabaraza na kura, tusiishie kuwaambia nani alichaguliwa na kwa kura ngapi. Tuwafundishe pia kuuliza: shauri hili litamwangukia nani, na huyo, je, alipiga kura?